Ugali, maharage na mchicha vikishamezwa: kazi ya utumbo mwembamba na ini

Je, chakula hufyonzwa tumboni?
Kwa sehemu kubwa, hapana. Tumbo husaga, huchanganya na kuanza kuvunja protini. Kinachofyonza ni utumbo mwembamba, wenye urefu wa mita 6 hivi kwa mtu mzima. Mwanzoni mwake, katika sentimita 25 za duodeni, humwagwa nyongo na vimeng'enya vya kongosho, yaani kemikali zinazovunja chakula. Humo wanga wa ugali huvunjwa hadi kuwa glukosi (sukari rahisi), na protini ya maharage kuwa asidi amino, yaani vipande vidogo vinavyounda protini.

Ukuta wa ndani umejaa vinyuzi vyenye urefu usiozidi milimita 1, ukiupapasa ni kama mahameli. (Si lile "taulo" la kwenye supu, lile ni tumbo la kwanza la ng'ombe.) Kila kinyuzi kina mishipa midogo ya damu, na katikati yake mrija wa limfu, majimaji ya mwili yanayopita katika mirija yake, mbali na ile ya damu.

Kwa nini tunaambiwa mchicha utiwe mafuta?
Kwa sababu karotini yake, ambayo mwili huigeuza vitamini A, huyeyuka kwenye mafuta tu. Bila mafuta, nyingi hupita na kutoka na choo. Gramu 3 hadi 5 kwa mlo, yaani kama kijiko cha chai kwa kila mlaji, zinatosha. Mafuta yenyewe hayaendi moja kwa moja kwenye ini: hupitia limfu, yakaingia kwenye damu karibu na shingo.

Na chai baada ya kula?
Huzuia madini ya chuma ya maharage na mchicha. Subiri angalau saa moja. Ndimu au chungwa pamoja na mlo husaidia yafyonzwe.

Ini linapokea nini?
Glukosi, asidi amino, dawa, pombe na sumu, vyote kwa mshipa mmoja mkubwa, vena ya pota. Glukosi ya ziada huiweka akiba, kiasi cha gramu 100 hivi, na kuitoa usiku ukiwa umelala. Akiba ikijaa, ziada hugeuzwa mafuta. Asidi amino zisizotumika huacha amonia, ambayo ni sumu; ini huigeuza urea, taka isiyo kali, figo zikaitoa kwa mkojo. Ini likijaa makovu, amonia hupanda hadi kwenye ubongo na mgonjwa huchanganyikiwa. Damu ya vena ya pota nayo hukwama: maji hujaa tumboni, nje ya utumbo, na mishipa ya koo la chakula huweza kupasuka. Anayetapika damu apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Ini huondoa kila sumu?
La. Sumukuvu ya mahindi yenye ukungu huwa kali zaidi ikishachakatwa na ini. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Kupika hakuiondoi. Kausha mahindi hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, yaweke juu ya chaga, na yaliyoota ukungu usiyachanganye na mazima ili yasagwe pamoja.