Sufuria ya mbwa haimtoshi paka

Tangu simu zianze kutuletea video za mbwa wa Ulaya na Marekani wakitafuna mapaja mabichi ya kuku, maswali ninayoulizwa hapa Mbeya yamebadilika. Zamani watu walitaka dawa ya viroboto. Siku hizi wananiuliza: "Dokta, ni kweli ugali unaua mbwa? Nianze kumpa nyama mbichi?" Jibu langu ni hili: ugali haumuui mbwa, chakula kibichi simshauri mtu yeyote, na paka ana habari yake tofauti kabisa.

Ugali umesingiziwa mengi. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden walilinganisha vinasaba vya mbwa wa nyumbani na vya mbwa mwitu wa kaskazini, ndugu yake wa asili. Wakakuta mbwa wetu amebeba nakala nyingi zaidi za jeni ya kimeng'enya kinachovunja wanga. Kuishi na binadamu na kula makombo yake kumembadilisha tumbo. Ugali ulioiva vizuri unasagika na kumpa nguvu, na mwezi wa sita na wa saba, mbwa anapolala nje kwenye baridi ya Uyole au Makete, nguvu hiyo anaihitaji sana. Ugali mtupu ndio unaomdhoofisha. Na kuna jambo zito kuliko hilo: unga huo umetoka kwenye mahindi gani?

Hapa naomba tuelewane vizuri. Nyanda za Juu Kusini ndiyo ghala la mahindi la nchi, na karibu kila nyumba ina mahindi yaliyokataliwa: yaliyonyeshewa yakiwa shambani, yaliyovunda chini ya gunia, yenye ukungu wa kijani kwenye kiini. Mazuri yanachambuliwa kwenda mashineni kwa ajili ya familia, mabovu yanasagwa ya mbwa. Ukungu ule hutengeneza sumukuvu, ambayo huioni, huinusi, na moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Ini la mbwa haliivumilii hata kidogo. Anasusa chakula, anatapika, fizi na weupe wa macho vinageuka manjano, pengine anaharisha damu. Mara nyingi mwenye mbwa anakuja kwangu akiwa na hakika kwamba jirani amemtilia sumu, na tayari wameshagombana, kumbe sumu ilikuwa kwenye debe la unga. Mahindi usiyoweza kumpa mwanao usimpe mbwa wako. Pumba ni hivyo hivyo, maana sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini.

Kwa upande wa kitoweo tuna bahati ya Ziwa Nyasa. Usipa, yaani dagaa wa Kyela wanaofika soko la Mwanjelwa, wanaliwa wazima, kichwa na mifupa yake yote, na kwenye ile mifupa ndimo ilimo kalsiamu. Nyama ya buchani haina. Ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na mwili unaokosa kalsiamu kwenye damu huikopa kwenye mifupa. Bwana mmoja alinunua mtoto wa mbwa chotara wa German Shepherd, akamlisha steki mbichi tupu kwa kuwa aliambiwa ndicho chakula chake cha asili. Alimleta akiwa na umri wa miezi minne. Vifundo vya miguu ya mbele vilikuwa vimelala karibu vinagusa sakafu, na nilipopitisha kidole kwenye uti wa mgongo alilia kabla sijabonyeza. Taya lilikuwa linanepa mkononi. Tulimbadilishia chakula, tukamfungia asirukeruke, mifupa ikakaza, lakini mguu mmoja umebaki na tege hadi leo. Mtu yule alikuwa anatumia fedha nyingi kwa siku kuliko jirani yake anayelisha ugali na dagaa.

Kama huna dagaa na unapika nyama, tumia maganda ya mayai: yaoshe, yakaushe motoni, yatwange hadi yawe unga laini kabisa. Nusu kijiko cha chai kwa kila nusu kilo ya nyama inatosha.

Mbwa mzima wa kilo 20 anayelinda nyumba namkadiria hivi kwa siku: unga wa mahindi gramu 150, dagaa wakavu gramu 60, kijiko kikubwa cha mafuta ya alizeti, kipande kidogo cha ini mara mbili kwa wiki, mboga kidogo, na chembe za chumvi yenye madini joto. Dagaa nunua wale wa kula watu. Wale wanaouzwa kwa ajili ya kuku huwa na mchanga mwingi na mara nyingi mafuta yao yameshachacha. Waoshe, wachemshe, ugali usongee kwa supu yao hiyo hiyo. Alizeti itie ukishaipua, kwa sababu vitamini E yake haipendi moto mrefu. Vitunguu, vitunguu swaumu na mchuzi uliobaki wenye vitunguu visiingie kabisa, vinavunja chembe nyekundu za damu. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka ncha kali, itupe mbali. Na kwa ndugu zangu wa Rungwe na Njombe: kokwa la parachichi limeshaziba utumbo wa mbwa wengi.

Sasa kibichi. Nyama mbichi ya kuku hubeba salmonela, na friza haiiui, inailaza tu. Umeme ukikatika usiku kucha inaamka. Chama cha madaktari wa wanyama cha Marekani kilitoa msimamo wa kutoshauri vyakula hivi mwaka 2012. Lakini kinachoninyima usingizi mimi ni mapafu na maini ya machinjioni. Yale malengelenge yenye maji unayoyaona kwenye mapafu ya ng'ombe au mbuzi yanaweza kuwa na vijidudu vya tegu mdogo wa mbwa. Mbwa akiyala mabichi, baada ya wiki saba hivi anaanza kutoa mayai kwenye kinyesi. Yanashika kwenye manyoya, mtoto anamkumbatia mbwa, kisha anakula muwa bila kunawa. Lengelenge linakua ndani ya ini la mtoto taratibu kwa miaka, na kulitoa ni upasuaji mkubwa. Matumbo na mapafu chemsha mpaka yaive hadi ndani, na yaliyokataliwa na mkaguzi wa nyama yazikwe shimo refu mbwa wasilifukue.

Paka je? Paka hawezi kuishi kwa ugali na maziwa. Wale wa kijijini tunaowaona wanene kwa chakula hicho wanajilisha wenyewe ghalani: panya mmoja ana nyama, mifupa, ini na taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama. Taurini mwili wa paka hauitengenezi ya kutosha, na mimea haina. Akiikosa anapofuka polepole, na moyo unatanuka na kulegea. Uhusiano huo na moyo ulithibitishwa mwaka 1987. Paka wa nyumba ya kupanga pale mtaa wa Forest, anayefungiwa ndani siku nzima, hana ghala. Mpe dagaa waliochemshwa, moyo wa ng'ombe au wa kuku, firigisi, nyama, na ini kidogo sana, kwa maana ini la kila siku humzidishia vitamini A hadi shingo inakakamaa. Taurini huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo pika kwa maji machache na supu anywe yeye.

Hata hivyo, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipochambua mapishi 200 ya chakula cha mbwa cha kupikwa nyumbani mwaka 2013, asilimia 95 yalipungukiwa na angalau kirutubisho kimoja muhimu. Kwa sababu hiyo watoto wa mbwa wa aina kubwa, watoto wa paka, majike wenye mimba na wagonjwa wa figo siwakadirii kwa maandishi. Waleteni niwapime uzito, na mje na sampuli ya unga mnaotumia kwenye mfuko mkavu.