Mguu wa bandia na kuchechemea: tuanze kutafutia wapi?

Wengi wanaovaa mguu wa bandia wameambiwa kuchechemea ni kawaida, watazoea. Mimi sikubaliani. Kuchechemea kuna sababu, na mara nyingi sababu hiyo inarekebishika.

Mgonjwa akija, namwomba atembee kabla sijamgusa. Namtazama kwa mbele, kwa nyuma na kwa ubavuni. Mtu mwenye miguu yote miwili, katika kila mzunguko wa hatua, mguu mmoja hukaa chini takriban asilimia 60 ya muda na kuwa hewani asilimia 40. Anayevaa mguu wa bandia huwa na haraka ya kuutoa chini, kwa maumivu au kwa kutouamini, ndiyo maana hata mlio wa nyayo zake haulingani.

Chukua aliyekatwa juu ya goti, ambaye kila akikanyaga mguu wa bandia kiwiliwili kinalalia upande huo. Huenda mguu ni mfupi. Huenda misuli ya ubavu wa nyonga imelegea, haiwezi kushikilia kiuno kikae sawa. Au ukingo wa soketi, yaani kikombe cha mguu wa bandia kinachovaliwa kwenye kigutu (sehemu ya mguu iliyobaki baada ya kukatwa), unamchoma kinenani, naye anaukwepa. Ukitazama tu, zote zinafanana. Kwa hiyo namsimamisha, naweka viganja juu ya mifupa ya nyonga nione kama iko sawa. Kisha namlaza kwa ubavu anyanyue kigutu huku nikikikandamiza. Mwisho nakagua ngozi ya kinena. Kurefusha mguu kwa mtu ambaye tatizo lake ni misuli ni kumwongezea shida.

Soketi iliyolegea huwachanganya hata wataalamu. Kigutu hupungua unene, hasa miezi ya mwanzo baada ya upasuaji. Akikanyaga, kigutu kinazama ndani na mguu unakuwa mfupi. Akiunyanyua, unaning'inia na kuwa mrefu. Basi analalia upande mmoja, halafu anaupitisha mguu kwa kuuzungusha nje, au anajiinua kwa vidole vya mguu mzima ili ule wa bandia upite bila kujikwaa. Pengine dawa ni kuongeza soksi moja tu ya kuvaa kwenye kigutu, ijaze nafasi.

Halafu viatu. Mguu wa bandia hupangwa kwa kimo fulani cha kisigino. Aliyepangiwa kiatu chenye kisigino akivaa kandambili, mguu unaegemea nyuma, goti linasukumwa nyuma, anahisi anapanda mlima. Akivaa kisigino kirefu zaidi, goti linasukumwa mbele na linaweza kukunjika ghafla akaanguka. Njoo na viatu unavyovaa kila siku, si vile vya kuendea hospitali.

Kinachonisikitisha zaidi ni nyonga iliyokakamaa kwa kukunjika. Mtu anakaa kwenye kiti mchana kutwa, usiku anawekewa mto chini ya kigutu kwa huruma, na nyonga inagoma kunyooka. Hapo hatua ya mguu mzima inakuwa fupi, kiuno kinabonyea, mgongo unauma. Alale kifudifudi mara kadhaa kwa siku, bila mto, na mazoezi ya kunyoosha yaanze mapema baada ya upasuaji, daktari akisharuhusu. Anayekuja tayari amekakamaa simkimbizii mguu mpya, hata ndugu wakisisitiza. Kwanza namkabidhi kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo.