Meseji si makala iliyokatwa: dhana potofu kuhusu uandishi wa masoko

"Andika moja, bandika kila mahali."

Hii ndiyo mama wa dhana potofu zote. Ofisi nyingi za Kampala zina mwandishi mmoja tu katika idara ya masoko, naye hutakiwa atoe tangazo moja ambalo leo litakuwa bango, kesho meseji, keshokutwa lisomwe redioni. Lakini kila andiko lina msomaji wake na kazi yake. Bango la barabara ya Jinja linasomwa na abiria aliye juu ya boda boda, na akiambulia maneno saba ameambulia mengi. Maelezo ya bidhaa yanasomwa na mtu ambaye tayari ameshavutika, kwa hiyo mpe uzito, bei na muda wa waranti, usianze kumbembeleza upya. Taarifa kwa vyombo vya habari haimhusu mnunuzi kabisa. Inamhusu mhariri, na mhariri akikutana na "bora kuliko zote" katika sentensi ya kwanza hasogei kwenye ya pili. Ushuhuda wa mteja nao hauhitaji sifa: mwache mfugaji wa Mbarara aseme mwenyewe alikuwa anakamua lita ngapi na sasa anakamua ngapi.

"Meseji ni fupi, mpe yeyote aandike."

Kwangu mimi hakuna andiko gumu kama meseji ya matangazo. Meseji moja ya kawaida inabeba herufi 160, nafasi na alama zikiwemo. Ukizidisha, mtambo unaikata vipande, na kila kipande kinatozwa kama meseji kamili. Tuseme duka la vifaa vya sola la Kikuubo, mtaa wa biashara wa Kampala, linawaandikia wateja wa Arua:

*Betri ya sola: ukilipia kabla ya Ijumaa, tunakufikishia Arua bila nauli. Jibu NDIYO tukupigie.*

Hapo kuna herufi 94. Kuna bidhaa, faida, mwisho wa ofa, na jambo moja tu la kufanya. Sasa bosi anasema ichangamshwe, anaweka kikatuni (emoji) cha jua mwishoni. Kikatuni hicho hakimo katika seti ya kawaida ya herufi za simu, kwa hiyo kikomo kinaporomoka kutoka 160 hadi 70, na meseji moja inakuwa mbili. Ukiwatumia wateja 10,000, umelipia meseji 20,000 kwa sababu ya jua. Kuna mtego mwingine unaowangoja wanaoandika Kiswahili: kinukta cha juu katika "ng'ombe". Kompyuta ikikipinda yenyewe, kama programu za kuandikia zinavyopenda kufanya, kinaweza kuleta hasara ileile. Kiandike kikiwa kimenyooka. Kwa kawaida idara ya fedha ndiyo inayogundua haya mambo, tena kwa hasira.

"Makala ndefu hazisomwi siku hizi."

Inategemea anayenunua ananunua nini. Soda haihitaji makala. Mashine ya kusaga mahindi ya mamilioni inaihitaji, maana mnunuzi atauliza umeme wa njia tatu, vipuri vinapatikana wapi, fundi atatoka wapi. Makala inayojibu maswali hayo inampunguzia muuzaji simu nyingi.

"Mitandao ya kijamii inatosha, redio imekufa."

Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, kuelekea uchaguzi mkuu, na tangu hapo wengi wakawa wanaingia kwa VPN, programu inayoficha mahali mtumiaji alipo. Matokeo yake, mtambo wa matangazo unaweza kumhesabu mkazi wa Ntinda, kitongoji cha Kampala, kama mtu wa Ulaya, na tangazo ulilolipia kwa ajili ya Kampala lisimfikie. Redio haina taabu hiyo. Tena tangazo la redio ni fani ya peke yake: sekunde 30 zinameza kama maneno 60 au 70 yakisomwa bila pupa, na jina la duka litajwe zaidi ya mara moja, maana msikilizaji hawezi kurudi nyuma.

"Ukiwa na namba za watu, unaweza kuwaandikia upendavyo."

Hapana. Sheria ya Uganda ya kulinda data na faragha ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kukutaka uache kutumia taarifa zake kwa matangazo ya moja kwa moja. Weka njia ya kujitoa, basi.

"Biashara ya Uganda ni Kiingereza na Kiganda tu."

Marekebisho ya katiba ya 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Sokoni hawakungoja: bidhaa zinazovuka mpaka wa Mpondwe kwenda Kongo zinauzwa kwa Kiswahili kila siku. Ila Kiswahili cha Beni na Bunia, miji ya mashariki ya Kongo, si cha vitabuni, na karatasi ya maelezo iliyoandikwa kwa ufasaha wa Zanzibar inaweza kumwacha mnunuzi njiani. Kabla hujaipeleka Nasser Road, mtaa wa wachapaji wa Kampala, ikachapwe, mpe dereva wa lori la Beni aisome kwa sauti. Pale atakapokwama, pabadilishe.