Je, wajua kwa nini jani la kutarizi huonekana kama limepinda?

Kitambaa ni bapa na uzi ni wa rangi moja, lakini jani lililotariziwa vizuri kwa hariri huwa na upande wa jua na upande wa kivuli. Sogeza kichwa kidogo, na kivuli nacho kinahama. Siri iko kwenye mwelekeo wa mishono.

Hariri hung'aa, hasa uzi wake usiposokotwa sana, na mng'ao huo hutegemea uzi umelalaje. Fundi akijaza nusu moja ya jani kwa mishono iliyoinamia kulia, na nusu ya pili kwa iliyoinamia kushoto, mwanga wa dirishani huzikuta kwa pembe mbili tofauti. Moja hung'aa, nyingine hufifia, na pale zinapokutana jicho huona uti wa jani ambao hakuna aliyeushona. Kwenye ua, mishono mirefu na mifupi hupishana kutoka ukingoni kuelekea kikonyoni, ili rangi ya waridi iliyokolea iingie kwenye ile hafifu bila mpaka kuonekana. Maua mengi ya kutarizi huharibikia hapa: mishono yote hulazwa upande mmoja, na ua hubaki kama kiraka.

Kwa hiyo anayetarizi mmea sharti aujue unavyokua. May Morris aliujua. Alizaliwa Uingereza mwaka 1862, binti wa William Morris, yule mbunifu mashuhuri wa vitambaa na karatasi za ukutani. Sindano alifundishwa na mama yake, Jane, na mama yake mdogo, Bessie Burden. Mwaka 1885, akiwa na miaka 23 tu, alikabidhiwa idara ya kutarizi ya kampuni ya baba yake.

Mimea aliiona Kelmscott, nyumba ya familia huko mashambani karibu na mto Thames. Kitanda cha baba yake kingali na mapazia aliyoyabuni May mwanzoni mwa miaka ya 1890: mimea inayotambaa, ndege katikati ya majani, na juu yake shairi la baba mwenyewe lililoandikwa kwa uzi. Hakuyatarizi peke yake. Wasaidizi wake walishika sindano pia.

Rangi nazo zilitoka kwenye mimea, kwani baba yake alizichukia rangi mpya za viwandani. Nili ilitoa buluu, mizizi ya madder ikatoa nyekundu, na mmea uitwao weld ukatoa njano. Kijani kilipatikana kwa kutia buluu na njano kwenye uzi uleule.

Mwaka 1907 May alishiriki kuanzisha chama cha wanawake wasanii, maana kile cha wanaume, Art Workers' Guild, hakikuwapokea. Miaka miwili baadaye alikwenda Marekani kutoa mihadhara. Hata hivyo, kazi nyingi za idara yake ziliuzwa kwa jina la kampuni, na jina hilo lilikuwa la baba. Karatasi ya ukutani yenye maua ya honeysuckle, aliyoibuni May mwaka 1883, kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa ya William. May alifariki mwaka 1938. Mwaka 2017, makumbusho ya William Morris huko Walthamstow, London, yalifungua maonyesho makubwa ya kazi zake, safari hii kwa jina lake mwenyewe.