Vidoa vyeusi vya ngozi: tazama na nyayo zako

Wengi wanaokuja kliniki wakihofia kidoa cheusi wananionyesha cha usoni, na karibu kila mara hakina neno.

Ngozi ina seli zinazotengeneza rangi iitwayo melanini. Kwa kawaida hukaa mojamoja, zimetawanyika. Siku moja mojawapo hupata badiliko kwenye jeni, mara nyingi ile iitwayo BRAF, ikaanza kujigawa. Zikishazaana mahali pamoja, mwili huzipiga breki. Rundo hilo lililoacha kukua ndicho kidoa chako. Badiliko hilohilo hukutwa kwenye baadhi ya saratani za ngozi, na bado vidoa karibu vyote hutulia maisha yote. Hunistaajabisha mpaka leo.

Mtoto mmoja hivi kati ya 100 huzaliwa nacho. Vingi hujitokeza utotoni na ujanani, na uzeeni hufifia. Urithi unachangia, jua pia, na watu weupe wanavyo vingi kuliko sisi. Vile vipele vidogo vyeusi vinavyojaa mashavuni mwa watu wazima ni kitu kingine kabisa: hufuata ukoo na havigeuki saratani.

Ninachowaomba mtazame ni miguu. Melanoma, saratani ya seli hizi za rangi, ni nadra kwa watu weusi, lakini ikija hupenda unyayo, kiganja na chini ya ukucha, ambako jua si la kulaumiwa. Bob Marley aligundulika nayo kwenye kidole gumba cha mguu mwaka 1977; alifariki Mei 1981 akiwa na miaka 36. Kwetu wagonjwa huchelewa kwa sababu kidonda cha unyayo hudhaniwa ni cha mwiba au kiatu.

Mstari mwembamba mweusi kwenye ukucha ni wa kawaida kwetu, hasa ukiwa kwenye kucha kadhaa. Ukiwa kwenye ukucha mmoja tu, unapanuka, na weusi umevuka hadi kwenye ngozi ya pembeni, usingoje mwezi uishe. Vivyo hivyo kidoa kinachokua, kinachobadilika rangi au kutoa damu bila kuguswa.

Na tafadhali, msikikate kwa wembe wala kukichoma kwa dawa. Sisi tukikitoa tunakipeleka maabara kipimwe; kilichoungua hakisomeki tena.