Wikiendi na mtoto hapa Mtwara: kabla ya bajeti angalia mwezi

Wazazi wengi wa hapa mjini wakishajua mi ni mwalimu wa elimu ya awali swali linalofuata ni lile lile, mwalimu, wikiendi nimpeleke wapi mtoto maana Mtwara hakuna pa kwenda. Wanamaanisha hakuna bustani ya wanyama, hakuna mabembea ya umeme kama Dar, hakuna sinema. Kazi yangu mimi ni kuangalia watoto wa miaka mitatu mpaka minane wanavyojifunza, na kila nikiuangalia mji wetu ulivyokaa, bahari imetuzunguka, Mikindani ipo hapo kilomita kama kumi tu kwa daladala, naona tuna vitu ambavyo mwalimu wa mji mwingine angevilipia pesa nyingi. Tatizo tunatoka na watoto bila mpango. Tunafika ufukweni saa tisa mchana maji yamejaa, mtoto anachezea mchanga kidogo, anakunywa soda, anaomba simu, mnarudi.

Kwa hiyo jibu langu siku hizi linaanzia juu. Angalia mwezi.

Mnajua bahari yetu inakupwa na kujaa mara mbili kwa siku, kila baada ya saa sita na kidogo, na kila siku inachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Sasa mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, jua na mwezi vinakuwa vimekaa mstari mmoja na dunia, vyote viwili vinavuta maji kwa pamoja, ndo tunapata bamvua, maji yanajaa sana na yakitoka yanatoka mpaka kule mbali. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, tunakuwa na maji mafu, hayajai sana wala hayatoki sana. Na kwa ukanda wetu huu bamvua lina tabia moja nzuri mno kwa mwenye mtoto, maji yanafika mwisho wa kutoka asubuhi, mida ya saa nne saa tano hivi, siku zinazofuata yanasogea kuelekea saa sita. Yaani muda ambao mtoto ameshakunywa chai na jua bado halijawa kali sana. Kama nyumbani mnafuata kalenda ya Kiislamu ni rahisi zaidi, wikiendi inayoangukia tarehe mosi mpaka tatu au kumi na nne mpaka kumi na saba ndo wikiendi yako ya pwani. Kama hamfuati muulize mvuvi yeyote, atakuambia bila kuangalia popote.

Ufukwe wetu wa Shangani hapa mjini, siku ya bamvua unashuka na mtoto saa tatu na nusu hivi, mnayafuata maji yanavyotoka. Mvalishe yeboyebo au raba chakavu, usimwache pekupeku kwa sababu kule kwenye majani na miamba kuna wale viumbe vya miiba mirefu myeusi, mwiba ukiingia unakatikia ndani na unauma siku nzima. Kwenye mchanga wenye maji ya kwenye vifundo mfundishe kutembea kwa kuburuza miguu, asinyanyue na kukanyaga, kwa sababu samaki taa anajifukia mchangani, ukimburuzia mguu anakimbia, ukimkanyaga anachoma. Na magamba yale yenye umbo la pia yaliyochorwa vizuri, koni, asiyaokote kabisa kama konokono wake yupo hai, yule ana sumu. Haya matatu nayasema kabla hatujashuka, namwambia mtoto anirudishie kwa mdomo wake, basi, baada ya hapo sitaki kumkataza kataza tena maana mtoto anayeambiwa usishike kila hatua anaacha kuangalia.

Halafu unachagua kitu kimoja. Hapa ndipo wazazi wengi tunapotofautiana, mzazi anataka siku moja mtoto aone kaa, kiti cha pweza, jongoo bahari, meli, na jina la kila kimoja. Mtoto wa miaka minne hawezi na hana haja. Mpe kaa. Tafuta sehemu mchanga umejaa vishimo vidogo na pembeni ya kila kishimo kuna vitonge vya mchanga vimepangwa kama ubuyu uliomwagika, kisha chuchumaeni mita mbili tatu kutoka hapo na mnyamaze. Kaa wote watakuwa wameshajificha kwa sababu wamesikia hatua zenu. Mtoto atakuambia hakuna kitu, twende. Mwambie subiri. Baada ya muda kidogo kunatokea macho mawili yamesimama kama vijiti, kisha mguu, kisha kaa mzima mdogo kuliko kifungo cha shati anaanza kuchota mchanga anaupitisha mdomoni, anakula vile vijidudu na vimea vidogo vya kijani vilivyomo, mchanga unaobaki anauviringisha kitonge anautupa nyuma. Ndo vile vitonge! Mtoto akishaona kitonge kimoja kinatengenezwa mbele ya macho yake, vile vyote vilivyotapakaa ufukweni anavielewa mwenyewe, na hapo hujamfundisha neno hata moja.

Kama mnakwenda sehemu zenye tope karibu na mikoko mtakuta kaa wengine, mmoja ana gando moja kubwa kuliko mwili na jingine dogo. Mtoto lazima aulize kwa nini. Nawaomba sana wazazi wenzangu, msijibu haraka. Muulize na wewe, unafikiri kwa nini? Nimewahi kusikia majibu ya kila aina, la kupigana, la kubebea mtoto, la kufungulia mlango. Kisha mwambie aangalie kaa anakula kwa gando lipi. Ataona anakula kwa lile dogo, lile kubwa anapunga tu. Na akiendelea kuangalia ataona wapo wenye magando mawili madogo, hao ndio majike, wanakula kwa mikono miwili. Dume anapunga kuita jike na kutisha madume wenzake. Mtoto aliyekisia kwanza jibu hili hasahau, aliyepewa tu jibu anasahau kabla hamjafika barabarani, hili naliona kila wiki darasani.

Mkikutana na wanaookota chaza au wanaotafuta pweza, simama. Mtoto aamkie, shikamoo bibi, shikamoo babu, na aulize yeye mwenyewe. Wazee wetu wa pwani wanapenda sana kuulizwa. Nilishamsikia babu mmoja akimjibu mtoto wa darasa la kwanza aliyetaka kujua anamuonaje pweza kwenye tundu, akamwambia, "Mjukuu wangu, mi simtafuti pweza, natafuta magamba aliyokula akayatupa mlangoni." Ni kweli kabisa, pweza anakula kaa na makombe halafu mabaki anayaacha mbele ya tundu lake. Hiyo ni sayansi safi na imetoka kwa mtu wa mtaani kwetu.

Jiwe mkiligeuza lirudishwe lilivyokuwa, tena taratibu, kwa sababu walio chini yake wanaishi kwenye kivuli na unyevu, jua likiwapiga saa nzima wanakufa. Na geuka mrudi kabla maji hayajaanza kuingia vizuri, maana yanapoingia yanapitia kwenye mikondo ya chini kwanza, unaweza kuona mbele yako pakavu kumbe nyuma yenu kumeshajaa. Saa moja na nusu inatosha kabisa kwa mtoto mdogo. Maji ya kunywa na kofia sihitaji kusema.

Sasa wikiendi ya maji mafu usijilazimishe pwani, nendeni Mikindani. Na usianze na historia, anza na ukuta. Nyumba za zamani pale chini karibu na bahari zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sehemu ambazo plasta imebanduka jiwe linaonekana wazi, lina vitundu vidogo vidogo na mistari kama nyota. Mwache mtoto apitishe kidole. Muulize hili jiwe limetoka wapi. Kama wiki iliyopita alikuwa baharini atakuambia mwenyewe. Kisha mkipata nyumba ya kizamani ambayo mwenyewe anawaruhusu muingie, muonyeshe dari, boriti za mikoko zimepangwa mstari. Vyumba vya nyumba hizi za Waswahili vina kawaida ya kuwa vyembamba virefu, na sababu ni hiyo hiyo boriti, upana wa chumba ulifuata urefu wa mti wa mkoko ambao kwa kawaida ni mita mbili na nusu tatu hivi. Mtoto wa miaka saba apime kwa hatua zake, upana hatua ngapi, urefu hatua ngapi. Hesabu hiyo.

Boma la Wajerumani la mwaka 1895 lipo pale pale juu kidogo, siku hizi ni hoteli, mnaweza kuomba ruhusa mapokezi mkaona jengo, mkakaa mkanywa kitu. Watoto wanaupenda mlango na ngazi, wakubwa tunapenda kivuli.

Kuna habari ya Livingstone, kila mgeni anaonyeshwa nyumba inayotajwa kwamba alikaa, na ni kweli safari yake ya mwisho ya kuingia bara ilianzia Mikindani mwaka 1866. Lakini mi mtoto simhadithii Livingstone, namhadithia Chuma. Chuma alikuwa mtoto wa Kiyao, wajukuu wa Wayao tunao kibao Masasi na Tunduru, alikamatwa na wafanyabiashara ya watumwa akiwa mdogo, akakombolewa mwaka 1861, na miaka mitano baadaye akiwa kijana mdogo tu alikuwa kwenye msafara huo ulioondoka hapo Mikindani, pamoja na Abdullah Susi. Livingstone alipofariki mwaka 1873 kule Zambia ya leo, Chuma na Susi na wenzao waliubeba mwili kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500 mpaka Bagamoyo, miezi kama tisa. Mtoto wa miaka minane akisikia hivyo anauliza maswali ya kweli, walikula nini, walilala wapi, waliogopa? Kaa naye chini ya mti muongee. Habari ya utumwa kwa aliye chini ya miaka saba mi naishia kusema watu walichukuliwa kwa nguvu wakatenganishwa na mama zao na lilikuwa jambo baya, inatosha, mengine yatakuja akikua. Usimdanganye ila usimpe mzigo usiomfaa.

Msimu wa korosho, Oktoba mpaka Desemba, kama una ndugu mwenye shamba Naliendele au popote, mpeleke mtoto aone korosho inaning'inia nje ya bibo, mbegu nje ya tunda, watoto wa mjini wengi hawajawahi kuona na wanakula korosho kila siku. Aokote, asing'ate mbichi, ganda lina mafuta yanayobabua midomo na ngozi.

Halafu kuna mjusi wa Tendaguru. Hapa naomba nisemee kidogo kwa sababu inaniuma kuona mtoto wa Lindi au Mtwara anajua dainosa wa katuni za Marekani na hajui kwamba mmoja wa wakubwa kabisa duniani ametoka hapa kwetu. Tendaguru ipo kaskazini magharibi ya Lindi mjini. Mwaka 1906 injinia wa Kijerumani aliona mifupa imetokeza juu ya ardhi, na kati ya 1909 na 1913 ikachimbwa na mamia ya vibarua wenyeji, msimamizi wao mkuu akiitwa Boheti bin Amrani, mifupa ikabebwa kichwani na mabegani kwa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi ikapanda meli. Leo yule mkubwa amesimama makumbusho ya Berlin, urefu wa kwenda juu mita 13 na ushee. Aliishi miaka kama milioni 150 iliyopita, na eneo lile wakati huo lilikuwa pwani, lina vidimbwi vya bahari.

Mtoto mdogo simshauri kumpeleka Tendaguru kwenyewe, njia ni ngumu na kwa macho hakuna kikubwa cha kuona. Kwa hiyo mlete huyo mnyama Shangani. Nunua kamba, ipime mita 13 nyumbani kwa rula ya shule, mtoto ashiriki kupima, mwende nayo ufukweni maji yakiwa yametoka mchanga umekuwa mgumu. Mtoto ashike ncha moja asimame, wewe tembea na nyingine mpaka ikaze. Mwambie hapo uliposimama ndo miguu ya mnyama ilipo, hapa nilipo mimi ndo kichwa. Kisha mchoreni na fimbo, shingo, miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, mkia, mwili mzima kuanzia puani mpaka mwisho wa mkia ni kama mita 22 kwa hiyo mtahitaji kamba nyingine ya mita tisa. Mtoto mkubwa apewe kazi ya kuhesabu watu wangapi wakisimama vichwani mwa wenzao watafika mita 13. Wadogo waachieni wakimbie ndani ya mchoro, wakae tumboni, wahamie shingoni. Chora mbali kidogo na njia za wavuvi, na mkianza saa tatu na nusu mnakuwa na muda wa kutosha kabla maji hayajarudi.