L-BFGS: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukitafuta thamani ya chini ya funksheni yenye vigeu vingi mno, visivyobanwa na masharti yoyote, hutachelewa kuambiwa ujaribu L-BFGS, yaani BFGS ya kumbukumbu finyu, mbinu inayoshuka hatua kwa hatua kuelekea chini. Pamoja na ushauri huo huja maneno mengine yasiyo sahihi.

"Inahifadhi matriksi ndogo." Haihifadhi matriksi yoyote. BFGS yenyewe, iliyochapishwa mwaka 1970 na Broyden, Fletcher, Goldfarb na Shanno, kila mmoja kivyake, hutunza makadirio ya kinyume cha matriksi ya Hesse, jedwali la namba linaloeleza jinsi funksheni inavyopinda. Kwa vigeu 1,000,000 hizo ni namba trilioni moja; kila namba ikichukua baiti 8, unahitaji terabaiti 8. Mwaka 1980 Jorge Nocedal alionyesha kwamba unaweza kutunza jozi chache tu za vekta: vigeu vilivyobadilika katika hatua, na mteremko wa funksheni ulivyobadilika hapohapo. Jozi 10 ni namba milioni 20, megabaiti 160. Hata simu inazimudu. Mwelekeo unaofuata hupatikana kwa kuzipitia jozi hizo kuanzia mpya hadi kongwe, kisha kurudi kongwe hadi mpya, ukizidisha na kujumlisha vekta basi. Ikija jozi ya 11, kongwe kuliko zote inatupwa.

"Jozi zikiwa nyingi, kazi itakwisha upesi." Si lazima. Mizunguko huenda ikapungua, ila kila mmoja unakuwa ghali zaidi, na jozi za zamani zinaeleza mahali ulipokwisha kuhama. Kwa kawaida 3 hadi 20 zinatosha. SciPy, maktaba ya hesabu ya Python, huanza na 10, nami siigusi bila sababu.

"Urefu wa hatua ni 1 daima." Hiyo 1 hujaribiwa kwanza, na mara nyingi hupita. Lakini masharti ya Wolfe, yanayodai hatua ishushe funksheni na kupunguza ukali wa mteremko vya kutosha, yasipotimizwa, vekta mbili za jozi zikizidishwa zinaweza kutoa namba hasi, na mwelekeo ukaacha kuteremka. Wanaojiandikia programu wakairuka sehemu hii ndio hasa wanaoilaumu mbinu.

"Ina kasi ya Newton." Haina. Mbinu ya Newton hutumia matriksi ya Hesse yenyewe. Kwa L-BFGS, Liu na Nocedal, mwaka 1989, walithibitisha mwendo wa kilinia tu, yaani kosa kupungua kwa takriban uwiano uleule kila mzunguko, tena kwa funksheni zenye umbo zuri la bakuli.

"Inafaa kufunza mtandao wowote wa neva." Si wowote. Mteremko ukikadiriwa kwa sampuli mpya ya data kila mzunguko, tofauti ya miteremko miwili hubeba kelele za sampuli. Ukilazimika kuitumia humo, pima miteremko yote miwili ya jozi kwa sampuli ileile.